Kusaga meno, nguvu ya taya na afya ya fizi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudiwa kila wiki kwenye kiti cha daktari wa meno, na hurudiwa zaidi kwenye makundi ya WhatsApp ya majirani, ambako kila mtu ana dawa yake. Yameanza na ya msingi, ya hali za pekee yako mwishoni. Kama fizi zako zinatoka damu sasa hivi, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya pili.

## Mambo ya msingi

Kusaga meno ni nini hasa?

Wengi hufikiria ile sauti ya usiku inayomwamsha mwenzako kitandani. Hiyo ni sehemu tu. Kuna wanaosaga kimyakimya, kuna wanaokaza taya bila kusogeza meno hata kidogo, na kuna wanaofanya hivyo mchana kweupe wakiwa mbele ya kompyuta au nyuma ya usukani. Madaktari huyaita yote bruksizimu, lakini hutenganisha ya usingizini na ya mchana, kwa kuwa chanzo si kimoja na tiba si moja.

Meno ya juu na ya chini hayakuumbwa yashinde yamegusana. Ukijumlisha kutafuna na kumeza, kwa saa 24 hukutana kwa kama dakika 20 tu. Muda uliobaki midomo inaweza kuwa imefungwa, lakini meno yanatakiwa yawe yameachana kidogo. Angalia yako yakoje sasa hivi unaposoma.

Ninalala peke yangu. Nitajuaje kama nasaga?

Dalili hukusanywa, haitoshi moja. Taya zilizochoka asubuhi, kichwa kinachouma pande za panja unapoamka, meno yanayoshtuka kwa maji baridi, vipande vya jino au vya kijazo vinavyobanduka bila sababu. Jitazame kwenye kioo: chonge zilizopoteza ncha zikawa bapa, kingo za ulimi zenye alama za meno, na mstari mweupe ndani ya shavu usawa wa meno yanapokutana.

Tahadhari: meno yaliyolika ni kumbukumbu ya zamani. Huenda ulisaga miaka kumi iliyopita ukaacha, na huenda ni asidi ya tumbo au ya soda iliyoyala wala si kusaga.

Je, ni ugonjwa?

Kwa mtu ambaye hana tatizo lingine, la. Wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana mwaka 2018 kwamba kusaga kuhesabiwe kuwa mwenendo wa misuli unaoweza kuleta madhara au usilete. Kinachotibiwa ni madhara, yakiwepo.

Nguvu ya kuuma inafikaje kwenye fizi?

Jino halijashikamana na mfupa moja kwa moja. Limening'inizwa ndani ya tundu lake kwa nyuzi ndogondogo nyingi, katika nafasi ya takribani robo ya milimita. Ukiuma, nyuzi hizo huvutika, zikatuliza kishindo kabla hakijafika kwenye mfupa. Zina hisia kali pia, ndiyo maana unalitambua jiwe dogo kabisa ndani ya wali.

Ufizi unaouona kwenye kioo ni kifuniko cha juu. Jino hubebwa na nyuzi na mfupa ulio chini yake. Kwa hiyo nguvu kubwa ikifanya uharibifu, huufanya huko ndani, na ufizi wa juu unaweza kubaki mzuri wa kupigiwa picha.

## Kusaga na ugonjwa wa fizi

Je, kusaga meno kunasababisha ugonjwa wa fizi?

Hapana. Ugonjwa wa fizi huletwa na ukoga, ule utando laini wa bakteria unaokaa mpakani mwa jino na ufizi, hasa ukikaa muda mrefu ukageuka ugaga mgumu. Mtu anaweza kusaga maisha yake yote akafa na fizi safi, na mwingine asisage hata usiku mmoja akapoteza meno akiwa na miaka arobaini.

Ubishi huu ni wa zamani. Mwaka 1901 daktari wa Vienna, Moritz Karolyi, alidai kwamba nguvu ya kuuma ndiyo inayoleta ugonjwa, na wengi wakamfuata kwa miongo kadhaa. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kupiga mswaki. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Walipoanza tena kupiga mswaki, zikapona kwa muda mfupi. Hakuna aliyeguswa namna yake ya kuuma. Katika miaka ya 1970 majaribio ya mbwa huko Uswidi na ya nyani huko Marekani yalikubaliana kwa jambo moja: nguvu peke yake, kwenye fizi safi, inalegeza jino lakini haiung'oi ufizi kutoka kwenye jino. Mkutano wa kimataifa wa uainishaji wa magonjwa ya fizi, uliofanyika Chicago mwaka 2017, haukupata ushahidi kwa binadamu wa kubadilisha hilo.

Mbona basi daktari aliniambia kusaga kunaharibu fizi zangu?

Inawezekana alisema kweli, ila sentensi yake ilifupishwa njiani. Swali la kumuuliza ni hili: mfupa wangu umebaki kiasi gani?

Fikiria nguzo ya ua. Ikiwa imezama futi tatu kwenye ardhi ngumu, tikisa utakavyo. Lakini nguzo hiyohiyo kule Embakasi, kwenye udongo mweusi uliolowa mvua ya masika na nusu yake umeshamomonyoka, ukiiegemea tu inalala. Jino lenye mfupa kamili likipigwa na nguvu kupita kiasi hulegea kidogo, kisha hukaa sawa nguvu ikipungua. Jino ambalo ugonjwa wa fizi umeshakula nusu ya mfupa wake huumizwa hata na kutafuna kwa kawaida, sembuse kusaga. Madaktari huyatenganisha haya mawili, kwa sababu la kwanza hutibiwa kwa kupunguza nguvu na la pili haliwezi kutibiwa bila kuondoa ugonjwa.

Je, nguvu inaharakisha ugonjwa ambao umeshaanza? Hapo majibu ya utafiti yanatofautiana. Majaribio ya mbwa yalionyesha ndiyo, ya nyani hayakuonyesha vivyo hivyo, na kwa binadamu meno yanayogongana vibaya yamekutwa na mifuko ya fizi (nafasi kati ya jino na ufizi) yenye kina zaidi. Kwa maoni yangu inatosha kuchukua tahadhari. Haitoshi kumuuzia mtu kinga ya usiku, kile kifuniko kinachovaliwa juu ya meno wakati wa kulala, kabla hajasafishwa meno.

Fizi zangu zinatoka damu asubuhi. Ni kwa sababu nilisaga usiku?

Karibu kila mara ni ukoga. Damu ni dalili ya uvimbe, na uvimbe ni kazi ya bakteria. Jaribio ni rahisi: piga mswaki vizuri mara mbili kwa siku na upitishe uzi kati ya meno kwa wiki mbili, hata kama damu inaongezeka siku za kwanza. Ikipungua, umepata jibu. Isipopungua, pengine kuna ugaga ambao mswaki hauwezi kuutoa, na hapo unahitaji kusafishwa.

Wavutaji sigara wasijipe moyo kwa kukosa damu. Tumbaku hubana mishipa na kuficha uvimbe, huku mfupa ukiendelea kuliwa kimyakimya.

Fizi zimerudi nyuma na mizizi inaonekana. Je, ni kusaga?

Haijathibitishwa kwamba kusaga kunarudisha fizi nyuma. Wahusika wa kawaida ni ugonjwa wa fizi, ufizi mwembamba wa kuzaliwa na mkono mzito: mswaki mgumu unaosukumwa kwenda na kurudi kama unasugua sufuria. Mswaki wa mti ni mzuri sana ukitumiwa polepole. Ukisuguliwa kwa nguvu pahali pamoja, hula ufizi vilevile.

Kuna pia mikato yenye umbo la V shingoni mwa jino, karibu na ufizi. Zamani ilisemwa kwamba jino linapinda kwa nguvu ya kusaga likamegeka hapo. Nadharia hiyo haijapata ushahidi wa kutosha, na mara nyingi mkono wenye mswaki ukiangaliwa unakutwa na hatia.

Jino langu linacheza. Litang'oka?

Inategemea linacheza kwa nini. Weka ncha ya kidole juu ya meno ya mbele ya juu, nusu kwenye jino na nusu kwenye ufizi, kisha gongesha meno pole pole. Jino linalotetemeka chini ya kidole linabeba mzigo kuliko wenzake. Daktari hufanya hivyohivyo, halafu huongeza mambo mawili. Huangalia eksirei kuona kama ile nafasi ya nyuzi imepanuka na mfupa umefika wapi. Kisha huingiza kijiti chembamba chenye alama za milimita kuzunguka kila jino, akimsomea msaidizi namba: mbili, tatu, mbili, tano. Moja hadi tatu ni kawaida. Nne kwenda juu, tena ikifuatwa na tone la damu, ni mfuko wenye ugonjwa.

Jino linalocheza lakini namba zake ni nzuri na mfupa upo linaweza kutulia lenyewe mzigo ukiondolewa. Linalocheza lenye namba saba na nane ni habari nyingine. Hata hivyo, usikubali ling'olewe siku hiyohiyo kabla ya kusafishwa na kusubiri, maana mengi hukaza kiasi uvimbe ukiisha.

Meno ya mbele yamepata mwanya ambao sikuwa nao. Si ni urembo?

Mwanya wa kuzaliwa ni urembo, na hakuna anayebisha. Mwanya uliofunguka ukiwa na miaka 38, jino likaanza kusogea mbele au kurefuka, ni dalili kwamba mfupa umepungua na meno yanasukumwa na ulimi, midomo na kuuma. Hapa ugonjwa na nguvu hukutana waziwazi. Nenda upimwe mapema, kwani ukichelewa hata vyuma vya meno vinakuwa kazi ngumu.

## Maisha ya mjini

Natafuna miraa. Ina uhusiano?

Upo, kwa njia zaidi ya moja. Miraa na muguka zina kathinoni, kichocheo cha jamii moja na amfetamini. Usingizi unakimbia na taya zinabaki zimekaza hata baada ya kutema. Halafu kuna kutafuna kwenyewe: saa nne au tano, donge limewekwa shavu moja, chingamu juu yake na soda ya kuteremshia. Misuli ya upande huo hutuna. Ufizi wa pale donge linapokaa huonekana umerudi nyuma kwa baadhi ya watafunaji, na mdomo ukikauka ukoga unajenga haraka.

Kumwambia mtu wa Eastleigh aache kesho ni kupoteza pumzi. Anayeendelea abadilishe shavu, anywe maji badala ya soda, aache chingamu ya sukari, na apige mswaki kabla ya kulala hata kama ni saa tisa usiku.

Kufungua chupa kwa meno, miwa, mahindi choma, mifupa ya mbuzi?

Miwa na mahindi choma ni chakula, fizi nzima zinavihimili. Mwenye meno yanayocheza aombe miwa ikatwe vipande vidogo, na mahindi ayapukuchue kwa mkono. Kufungua soda kwa meno ni jambo jingine: nguvu inatoka pembeni, juu ya jino moja, na chuma hakitoi nafasi. Jino lenye mfupa pungufu haliwezi kuhimili mchezo huo.

Nakaza taya mchana kwa mawazo ya kazi na foleni. Nifanye nini?

Kinga ya usiku haitakusaidia hapa. Weka kibandiko kidogo kwenye kioo cha gari au pembeni ya skrini. Kila ukikiona, jiulize meno yako wapi. Jibu linalotakiwa: midomo imefungwa, meno yameachana, ulimi umelala juu nyuma ya meno ya mbele, mabega yameshuka. Wiki ya kwanza utajikuta umekaza kila mara na utachukia kibandiko chenyewe. Endelea.

Kahawa, pombe, dawa?

Kahawa nyingi, pombe ya jioni na sigara zote huhusishwa na kusaga usiku. Baadhi ya dawa za mfadhaiko, kama fluoksetini na sertralini, zinaweza kuanzisha kusaga kwa watu wengine. Usiziache mwenyewe. Mweleze aliyekuandikia, dozi au dawa inaweza kubadilishwa.

Nina meno ya kahawia ya maji ya kisima. Yanalika haraka?

Maji ya visima vingi vya Nairobi na Bonde la Ufa yana floraidi inayozidi kiwango cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita. Jino lililoathirika kidogo ni imara. Lililoathirika sana lina gamba lenye vishimo linalomeguka likisagwa. Fizi hazihusiki moja kwa moja, ila sehemu mbaya hushika ukoga.

## Matibabu

Pesa zangu zinatosha kitu kimoja: kusafisha meno au kinga ya usiku. Nianze na kipi?

Kama fizi zinatoka damu au kuna mifuko, safisha. Huu ndio ushauri ambao ningependa usomwe kuliko mengine yote humu. Kinga juu ya ugaga inalinda meno yanayopoteza mfupa wake chini kwa chini. Isitoshe, uvimbe ukiisha meno husogea kidogo na kukaza, kwa hiyo kinga iliyotengenezwa kabla huenda isikae tena. Safishwa, rudi upimwe baada ya wiki sita hadi miezi mitatu, ndipo uzungumzie kinga.

Kama fizi zimepimwa na ni nzima lakini meno yanavunjika, mpangilio unageuka.

Kinga inafanyaje kazi? Ile ya duka la michezo inatosha?

Haikomeshi kusaga, wala hakuna aliyeahidi hivyo kwa haki. Inatandaza nguvu juu ya meno yote na kujitoa iliwe yenyewe. Baada ya miezi michache ukiiinua kwenye mwanga utaona mikwaruzo inayong'aa pale chonge zinapopita. Mikwaruzo hiyo ingekuwa kwenye meno yako.

Ile laini ya kuchemsha na kuuma ni ya kuzuia ngumi na mpira. Usiku wengine huitafuna kama chingamu na taya zikachoka zaidi. Kinga ngumu iliyopimwa kwa mdomo wako ni bora, hasa kama una meno yanayocheza, maana iliyokaa vibaya inaweza kuyasukuma. Isugue kwa mswaki na maji ya kawaida kila asubuhi. Maji moto huipinda, na ikiachwa chafu inarudisha ukoga kwenye fizi kila usiku.

Daktari anataka kunipunguzia jino kwa mashine ili meno yakae sawa. Nikubali?

Kwa jino moja linalotetemeka, baada ya fizi kutibiwa, ni jambo la busara. Jaribio moja lililochapishwa mwaka 1992 lilionyesha kwamba waliorekebishwa namna ya kuuma pamoja na matibabu ya fizi walipona zaidi kidogo: ufizi ulishikamana na jino kwa chini ya nusu milimita zaidi kwa wastani. Faida ipo, ni ndogo. Kupunguza meno mengi kwa lengo la kuzuia kusaga hakuna msingi, na gamba likishaondolewa halirudi.

Tofauti ni kijazo au krauni (kofia ya jino) mpya inayogusa kabla ya meno mengine. Hiyo irekebishwe mara moja, ni kazi ya dakika chache.

Sindano za botoksi?

Hupunguza nguvu ya misuli kwa miezi mitatu au minne. Kwa fizi hakuna faida iliyoonyeshwa.

Nitapata wapi huduma ya bei nafuu Nairobi?

Hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, barabara ya Argwings Kodhek, hutibu umma na wanafunzi hufanya kazi chini ya walimu wao. Jiandae kukaa sana. Hospitali za umma za kaunti pia zina vitengo vya meno. Popote uendapo, thibitisha jina la daktari kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, mtandaoni. Anayekukaza jino kwa waya kichochoroni bila eksirei anakufungia ugonjwa ndani.

## Hali za pekee

Mtoto wangu anasaga usiku. Shosho anasema ni minyoo.

Shosho hayuko peke yake, imani hii imeenea. Haijathibitishwa kwamba minyoo husababisha kusaga. Watoto wengi husaga, na wengi huacha wakikua. Mpe dawa ya minyoo kwa sababu minyoo yenyewe ni mibaya, usishangae kusaga kukiendelea. Mpeleke kwa daktari akilalamika maumivu, meno ya kudumu yakilika, au akikoroma na kuhema kwa mdomo.

Mimi ni mjamzito na meno yanacheza kidogo.

Homoni huzidisha uvimbe wa fizi na kulegeza meno kiasi, na mara nyingi hali hurudi kuwa ya kawaida baada ya kujifungua. Mtoto "hanyonyi" kalsiamu ya meno yako. Kusafishwa wakati wa ujauzito ni salama.

Nina kisukari.

Sukari isiyodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi mbaya hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Kwako hata nguvu ya kawaida inaweza kukuta mfupa umepungua (tazama swali la nguzo hapo juu). Pimwa fizi mara nyingi zaidi.

Nimepandikiziwa jino. Kusaga kunalidhuru?

Jino la kupandikizwa halina zile nyuzi. Limeshikana na mfupa, halitulizi kishindo wala halikupi tahadhari. Kinachoharibika zaidi ni skrubu kulegea na kauri kumeguka. Msagaji avae kinga, na asafishe ufizi wa hapo kwa bidii ileile, maana bakteria hula mfupa wa kipandikizi pia.

Ninakoroma na kusaga pamoja.

Mweleze daktari, hasa kama mwenzako amekuona ukikatika pumzi usingizini. Kwa baadhi ya watu mambo haya huambatana, na kukatika pumzi ni hatari kuliko kusaga.

Ni wakati gani nisisubiri miadi?

Ufizi uliovimba ghafla na kutoa usaha, jino lililoanza kucheza ndani ya siku chache, kuuma kunakoleta maumivu makali unapoachia (huenda jino limepasuka), au taya iliyofunga isifunguke. Siku hiyohiyo. Uvimbe ukishuka shingoni, ukashindwa kumeza au kupumua vizuri, usiende kliniki ya meno, nenda hospitali idara ya dharura.